Mwambie Mama Yako

Siku mume wangu aliponirudisha kwetu, alikuwa amepika.

Ilikuwa Jumamosi, siku tunayofunga duka saa saba mchana. Niliingia nyumbani macho yananiwasha kwa kusaga vioo vya miwani tangu asubuhi, nikakuta meza imefutwa, supu ya kuku inafuka moshi, viazi vimekatwa vidogovidogo kama nipendavyo. Nikacheka.

"Leo kuna nini, Fundi? Umevunja kitu?"

Hakucheka. Alinipakulia, akaketi mbele yangu, akanitazama nikila mpaka bakuli likawa tupu. Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Nguo zako nimezipanga kwenye sanduku. Dada atakuja kukusindikiza. Nenda kwa wazazi wako, Macho. Nimechoka na ndoa hii."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Umechoka na nini?"

"Na ndoa."

"Na mimi?"

Alitazama viganja vyake, vile viganja vilivyochomwachomwa na sindano za kushonea miaka yote. "Na wewe," akasema.

Nilimwuliza kama kuna mwanamke mwingine. Akasema hakuna. Nikamwuliza nimemkosea nini. Akasema sijamkosea. Nikalia, nikamshika shati, nikamwambia mambo ambayo mtu mzima hapaswi kumwomba mtu mzima mwenzake. Alisimama kama kabati. Wifi yangu alipofika, mume wangu aliingia chooni akafunga mlango, na nikaondoka nyumbani kwangu bila kumwona akitoka.

Huyu ndiye mtu aliyenifundisha kucheka. Alikuwa fundi makochi, karakana yake ikiwa chumba cha mbele, makazi yetu vyumba viwili vya nyuma. Tulikutana dukani ninakofanya kazi. Alikuja kulalamika kwamba sindano za siku hizi wamezibana matundu, uzi hauingii. Nilimpima nikamwambia, "Sindano hazina kosa, Fundi. Kosa ni macho." Tangu siku ile akaniita Macho, nami nikamwita Fundi, na majina tuliyopewa na wazazi yakabaki kwenye vyeti.

Alikuja mara ya pili kurekebishiwa fremu. Mara ya tatu fremu haikuwa na tatizo lolote. Alisimama mbele ya kaunta akaivua na kuivaa, akaivua na kuivaa, mwisho akasema, "Kabla sijasema nilichokuja kusema, nikwambie jingine. Nina ugonjwa wa utumbo mpana. Unavimba kwa ndani, unatoka vidonda, naenda haja na damu. Hauambukizi. Hauponi pia, unatulia tu. Ukichachamaa, naingia chooni mara kumi na tano kwa siku. Sasa kama ni kukimbia, kimbia mapema, maana mimi siwezi kukufukuza. Mbio zangu zote zinaishia chooni."

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa anasoma herufi ukutani akageuka. Nadhani nilimpenda palepale.

Baba hakumtaka. "Mwanangu, unaolewa au unakwenda kuuguza?" aliniuliza.

"Vyote viwili, baba."

"Basi usije ukanililia hapa."

Na kwa miaka minne sikumlilia. Fundi alikuwa na vidonge vyake vya rangi ya chungwa, alivyoanza kuvimeza muda mrefu kabla hajanijua, vinane kwa siku, na vilimtuliza kiasi kwamba kuna miezi tulisahau kabisa kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba. Tulichokosa ni mtoto. Nilipimwa mara mbili, mara zote nikaambiwa sina kasoro. Yeye sikumwambia apimwe. Niliona mtu aliyechomwa sindano na kupigwa picha za tumbo tangu ujanani amechoka na hospitali, nikaiacha.

Mama mkwe hakuiacha. Kila akija aliangalia kiuno changu kabla ya uso wangu. Wiki mbili kabla ya ile Jumamosi alinifuata jikoni nikiosha vyombo, akasimama nyuma yangu. "Wenzako wa mwaka mmoja na wewe wana wawili, watatu," alisema. "Mwanangu kachukua mgonjwa mwenzake bila kujua. Tumbo gani hili, gunia tupu?" Niliosha sufuria moja mpaka maji yakapoa.

Nikarudi kwetu, nikalala chumba nilichokuwa nikilala nikiwa msichana. Asubuhi naenda dukani, jioni narudi. Baba hakunisimanga, na hilo liliniuma kuliko masimango. Mama alinipikia na kunipikia. Nilimpigia Fundi simu mara nyingi, hakupokea hata moja. Wiki ya tatu nikaacha. Lakini kila mteja aliyeingia mwenye mikono ya kazi, moyo uliniruka.

Wiki ya saba, Jumanne asubuhi, wifi aliingia dukani akihema. Ni dada yake mkubwa, mtu wa maneno machache.

"Vua hilo koti twende," akasema. "Kaanguka karakana. Damu tupu, wifi. Damu tupu."

Tukakimbilia hospitali. Hasira yangu ya wiki saba iliyeyuka yote, nikawa nasema moyoni, asife, asife, hata kama hanitaki, asife.

Nilimkuta kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Macho yangu yalimpita mara ya kwanza bila kumtambua. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na mkononi mwake ilikuwa inaingia damu ya mtu mwingine. Macho yake tu ndiyo yalikuwa yake. Yaliponiona yalijaa machozi mara moja, akageuza shingo upande wa pili.

Kabla sijafika kitandani, daktari wake alinivuta kando. Alikuwa mama mfupi, mwenye kuongea haraka kama mtu anayechelewa.

"Wewe ndiye mkewe? Ulijua kwamba ameacha dawa?"

"Kaacha? Lini?"

"Wiki tisa sasa."

Nilihesabu. Wiki mbili kabla hajanirudisha kwetu. "Kwa nini aache, daktari? Dawa zilikuwa zinamsaidia."

Alinitazama, akashusha sauti. "Nimemwuliza kama nikwambie. Amesema nikwambie mimi, yeye hawezi." Akafungua faili, akanionyesha karatasi ya maabara iliyokunjwakunjwa mpaka imekuwa laini kama kitambaa. "Alikwenda kupimwa mbegu za kiume. Kimyakimya, maabara ya mbali huko, si hapa. Wamekuta ni chache mno, na nyingi hazisogei. Akarudi nyumbani akasoma kile kikaratasi cha ndani ya kopo la dawa. Akaona kimeandikwa kwamba vidonge hivi vinaweza kupunguza mbegu. Basi, akavitupa."

Niliishika ile karatasi, tarakimu zikawa zinaelea.

"Na ni kweli? Ni vidonge?"

"Inawezekana sana. Dawa hii inafanya hivyo kwa wanaume wengi. Lakini haiharibu moja kwa moja! Tukimbadilishia, kwa kawaida zinaanza kurudi baada ya miezi miwili, mitatu hivi. Zipo dawa nyingine ambazo haziwagusi huko. Yeye kaacha bila kuweka kitu badala yake, utumbo ukawaka, na huo ugonjwa ukiwaka nao unapunguza mbegu. Alichokuwa anakitafuta ndicho alichokiua." Alifunga faili. "Angeniuliza tu, mama. Swali la dakika tano."

"Nanyi mbona hamkumwambia mlipompa?"

Sikukusudia kumkaripia, lakini ndivyo ilivyotoka. Hakukasirika. "Alianzishwa na mwenzangu, akiwa kijana, hajaoa. Mimi nilimpokea nikaendelea nayo kwa sababu ilimkubali. Hakuna aliyemwuliza kama anataka watoto. Hilo ni kosa letu, na nimeshamwambia hivyo."

"Atapona?"

"Tumempa dawa kali ya kuzima uvimbe. Nipe siku tano. Isipozima, itabidi tuukate utumbo."

Nilirudi kitandani. Mama mkwe alikuwa ametoka kwenda kuchota maji ya moto, wifi akamfuata. Tukabaki wawili. Nilivuta kiti, nikakaa upande aliogeukia, ili asipate pa kunikimbia.

"Fundi."

"Nani amekuita?"

"Dada yako."

"Amekosea."

"Nimeona karatasi."

Alifumba macho. Kifua kilipanda na kushuka chini ya shuka.

"Basi umejua," akasema. "Mimi ndiye gunia tupu."

Nilishtuka. Si kwa maana ya maneno. Kwa maneno yenyewe.

"Umeyatoa wapi hayo maneno?"

Alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Fundi, hayo maneno niliambiwa mimi. Jikoni. Hukuwepo."

"Nilikuwepo." Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Nilikuwa nimesimama nje ya mlango. Nilikuwa natoka maabara. Karatasi ilikuwa mfukoni."

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

"Ukasikia yote?"

"Nikasikia yote, Macho."

Nilikumbuka sufuria ile niliyoisugua mpaka maji yakapoa. Nilikumbuka kwamba jioni ile alikuja akaniambia kichwa kinamuuma, akalala mapema, nami nikamfunika. Ningeweza kusema mengi. Nilisema moja tu. "Ukanyamaza."

"Nilitaka kwanza nipone!" Alijaribu kuinuka kwa kiwiko, nguvu zikamwishia. "Nilijua nikiacha vidonge vitarudi vitu vyangu. Nikapanga hivi: wewe ukae kwenu miezi mitatu, minne. Vikirudi, nije kukuchukua, nikupigie magoti, nikueleze yote. Visiporudi, basi uwe umeshanichukia. Uolewe na mwanamume. Uzae. Ningewezaje kukuweka kwangu uzeeke unasimangwa kwa kosa langu?"

"Kwa hiyo ukaona bora nisimangwe kwa kosa langu."

"Macho..."

"Wiki saba nimelala kwa mama yangu najiuliza nina nini. Nilijitazama kwenye kioo, Fundi. Nilijinusa! Nilidhani labda nanuka, labda nakoroma, labda nimezeeka. Nilitafuta kasoro mwilini mwangu kama ninavyotafuta mkwaruzo kwenye kioo cha miwani, na wewe ulikuwa nayo mfukoni."

Alianza kulia. Alilia bila sauti, machozi yakimwingia masikioni kwa kuwa amelala chali, na mkono wenye sindano hakuweza kuuinua kujifuta. Nilimfuta mimi, kwa ncha ya kitambaa changu cha kichwani. Hasira yote ile, na bado mkono wangu ulijua njia ya kwenda usoni mwake. Aliushika kwa mkono wake mzima, akauweka mdomoni. Tulikaa hivyo. Ningeambiwa niseme saa niliyompenda kuliko zote, ningesema ni ile, na ndiyo iliyoniumiza kuliko zote.

Mlango wa wodi ukafunguliwa. Mama mkwe aliniona, akasimama na chupa ya chai mkononi.

"Wewe umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kumwona mume wangu, mama."

"Mume! Leo ndiyo umekumbuka kuwa una mume? Mtu anaumwa, wewe unabeba sanduku unakwenda kupumzika kwenu." Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza vichwa. Hofu ya kufiwa na mwana ilikuwa inatafuta mahali pa kutua, na ilitua kwangu kama kawaida yake. "Kuzaa hukuzaa. Sasa na kuuguza pia kumekushinda?"

Kumbe hata hilo hakumwambia. Mama yake alidhani mimi ndiye niliyeondoka.

Nilimgeukia Fundi. Alikuwa bado ameushika mkono wangu.

"Mwambie mama yako," nikasema.

Alinitazama, kisha akamtazama mama yake, kisha dari.

"Aniambie nini?" mama mkwe akauliza.

"Fundi. Simtaki akuombe radhi, wala aniombe mimi. Nataka tu ajue. Mwambie mama yako."

Midomo yake ilifunguka. Niliona ulimi ukitafuta neno. Wodi nzima, vitanda kumi na viwili, wanaume kumi na mmoja wanasikiliza. Nilimwelewa. Wallahi nilimwelewa. Aliyatazama yale mashuka meupe na vile vichwa vilivyogeuka, akauachia mkono wangu, akageukia dirishani.

"Anahitaji kupumzika," mama mkwe akasema.

Nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Sikwenda mbali. Nje ya wodi kulikuwa na benchi la mbao, nikakaa hapo. Niliomba ruhusa dukani, na kwa siku tisa nilikuja asubuhi nikakaa kwenye benchi lile, nikaondoka jioni. Sikuingia tena. Daktari akipita aliniambia: jana mara kumi na mbili, leo mara nane, damu imepungua, leo amekula. Siku ya tano akanigusa bega. "Hatukati," akasema, akaenda zake, nami nikajifunika uso kwa mkoba nikalia kama mtoto. Nguo zake zilizochafuka wifi aliniletea nikazifua kwetu, nikazirudisha zimepigwa pasi. Siku ya kumi aliporuhusiwa nilisimama nyuma ya nguzo nikamwona akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, shingo yake nyembamba imetokeza kwenye kola. Alikuwa anaangaza huku na huku. Nilijua ananitafuta mimi.

Mwezi mmoja baadaye, Jumapili alasiri, walikuja nyumbani kwetu watatu: yeye, mama yake, dada yake. Baba aliwakaribisha kwa sauti ya mtu anayepokea wageni asiowaita. Mama akaleta chai. Fundi hakuigusa. Alikaa ukingoni mwa kochi, suruali imemlegea, akanitazama mara moja, kisha akamgeukia baba.

"Baba, naomba niseme mwenyewe."

"Sema."

"Mtoto wenu hakuondoka. Nilimtoa mimi. Na miaka minne hatukupata mtoto, kasoro haikuwa yake, ilikuwa yangu. Nimepimwa." Jasho lilikuwa linamtoka. Aliyasema yote, mbegu, vidonge, karatasi, mlango wa jikoni. Kila neno alilitoa kama mtu anayeng'oa misumari kwenye mbao kuukuu, mmojammoja, bila kuruka hata mmoja. "Mama yangu nimemwambia juzi. Nilipaswa kumwambia siku ile."

Mama mkwe aliinuka kwenye kiti akaja kuketi chini, karibu na miguu yangu. Sikuwahi kumwona akiketi chini mbele ya mtu. "Mwanangu," akasema, akashindwa kuendelea. Nilimwinua. Nilimwambia nimesamehe, na nilimaanisha.

Baba yangu, yule aliyekuwa akimwita mume wangu "mgonjwa wako", alisimama akamshika bega. "Mimi nisingeweza kusema hayo mbele za watu," akamwambia. "Hata kwa fimbo." Mama akawa anajifuta macho anatabasamu. Wifi akapumua. Chumba kizima kikalegea, watu wakaanza kunywa chai. Wote walikuwa wamemaliza. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza.

"Sirudi leo," nikasema.

Vikombe vilisimama njiani.

"Daktari amenibadilishia dawa," Fundi akasema haraka. "Amesema nikapimwe baada ya miezi mitatu. Huenda zikarudi. Hakuapa, lakini amesema—"

"Usinitajie mtoto." Niliogopa sauti yangu ingekatika, nikaishusha. "Miaka miwili iliyopita nilikaa nikajiuliza, nikikosa mtoto na huyu nitafanya nini? Nikajijibu kwamba nitazeeka naye hivyohivyo. Niliamua nikiwa peke yangu, nikaendelea na kazi zangu. Sikukwambia kwa sababu niliona si habari."

Uso wake ulivunjika. Nadhani hakuna kitu nilichowahi kumwambia kilichomuuma kama hicho.

"Basi tatizo ni nini, Macho?"

"Naogopa siku nyingine utakayonyamaza. Nitakuwa nafua, au napika, na wewe utakuwa na kitu mfukoni, nami sitajua. Kila ukilala mapema nitajiuliza. Nakupenda, Fundi. Ila siwezi kulala nyumba ile sasa hivi."

Hakuna aliyenibishia. Baba alitaka, nikaona anavuta pumzi, mama akamgusa goti.

Niliwasindikiza mpaka getini. Mama mkwe na wifi walitangulia, wakatuacha. Alikuwa anatembea polepole, kiganja kimoja tumboni kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika, na nilimfuata nikiwa nimeikunja mikono kifuani, maana ningeiachia ingemshika.

"Nije lini?" akauliza.

Nilitafuta siku ya kumtajia. Nilipita Jumatatu, nikapita Jumanne, nikaenda hivyo mpaka nikazimaliza saba, na macho yake yananisubiri.

"Sina siku," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akafungua geti mwenyewe, akatoka, akalifunga taratibu ili lisipige kelele, na nilisimama pale nikisikiliza hatua zake mpaka sikuzisikia tena.